Mabingwa wa Usukani: Servo Ipi Itatamba Kiptere?

Gari la rimoti hukata kona kwa servo, kijisanduku chenye mota na gia kinachogeuza magurudumu ya mbele. Tuzipambanishe servo, kisha tuchague inayofaa matope ya Kiptere, Kenya.

1. Usukani mkongwe
Mwaka 1898, Nikola Tesla alionyesha jijini New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio, usukani ukigeuka bila kuguswa. Wakati huo reli kutoka Mombasa ilikuwa bado haijafika Nairobi; ilifika 1899.

2. Servo nyepesi
SG90 ina gramu 9: majani ya mifuko minne na nusu ya chai, ile ya gramu 2. Hata hivyo, kwa volti 4.8 mkono wake wa sentimita 1 huhimili kilo 1.8, karibu pakiti nzima ya unga. Udhaifu wake ni gia za plastiki. Jiwe moja, meno yamekwisha.

3. Servo yenye misuli
Savox SB-2290SG, kwa volti 8.4, hufikisha kilo 70 kwenye mkono huohuo wa sentimita 1. Huo ni mfuko wa mbolea wa kilo 50, na juu yake jerikeni la lita 20 lililojaa maji!

4. Mtihani mkali wa kasi
Mwaka 2014, gari la Nic Case, Radio Bullet, lilifikia kilomita 325.12 kwa saa huko Utah, Marekani. Ni zaidi ya mara nne ya kikomo cha matatu, kilomita 80. Kwa mwendo huo, servo ikichelewa sekunde 0.1 tu, gari limeshapita mita 9, zaidi ya upana wa goli la mpira, mita 7.32.

5. Bingwa wa Kiptere
Kwa gari la kipimo cha 1:10, kombe linakwenda kwa servo ya kilo 20: gia za chuma, isiyoingiza maji, inayogeuka nyuzi 60 kwa takriban sekunde 0.15. SG90 itavunjika, ya kilo 70 ni mzigo na gharama bure. Kabla ya kulipa, hakikisha umeme wa gari unaitosha. Servo yenye njaa ya umeme hukata mawasiliano ya rimoti, na gari huishia mtaroni.