MBU, MALARIA NA DAMU YETU

Wahenga walinena, hakuna masika yasiyo na mbu. Wenzangu, nyote mwawajua mbu wa Mombasa, manake hapa Ganjoni huingia bila hodi. Lakini je, mwajua kwamba mbu wamechangia kuibadilisha hata damu ya wanadamu?

Mwaka wa 1949 kijana aitwaye Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alizunguka nchi akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Alitafuta chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria waliobeba urithi huo walikuwa wengi, mahali pengine zaidi ya mmoja katika kila watu watano. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, na sehemu kavu, walikuwa haba sana.

Kwa nini? Jibu ni malaria. Penye joto na maji mbu huzaana, na viini vya malaria hukomaa upesi ndani yao. Penye baridi kali vyashindwa. Mtoto aliyerithi mundu kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga: malaria humpata, lakini si rahisi imuue. Utafiti uliofanywa Kilifi umeonyesha kwamba kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90. Basi kizazi baada ya kizazi watoto hao walipona, wakakua, wakazaa, na urithi ukaenea. Kwenye baridi haukuwa na faida, kwa hivyo haukuenea.

Walakini kizuri hakikosi ila. Mtoto akirithi mundu kwa baba na kwa mama pia, huugua selimundu: mifupa humuuma, damu humpungukia, na asipotibiwa huenda akafa mapema. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto kama huyo.

Sasa mtaani utasikia, "Yule mtoto karogwa," ama mama alaumiwe peke yake. Si haki! Urithi huo watoka kwa wazazi wawili, na ulidumu Pwani kwa sababu uliokoa maisha ya wengi. Wala tusiangalie kabila, kwani kisiwani mwetu watu wametoka kila pembe na wameoana. La muhimu ni kupima damu kabla ya ndoa, na kumtunza mgonjwa kama ndugu. Naye mwenye kinga asijidanganye akatupa chandarua.

Kinga ni bora kuliko tiba.