Sekunde 17 za kombora la waya: kwa nini wengi tunakosa kifaru



Wiki jana nilikuwa kwa binamu yangu Sinza, maana mashine yake ndiyo inayoiweza DCS, ile simuleta ya ndege za vita. Nilikuwa rubani na mpigaji peke yangu kwenye Gazelle, helikopta nyepesi ya Kifaransa iliyoingia humo mwaka 2016. Kazi ilikuwa moja tu: kuzuia vifaru viwili visifike darajani kabla msafara wa wenzangu haujavuka. Nilibeba makombora manne ya HOT. Nikayamaliza yote, vifaru vikafika, msafara ukateketea wote. Binamu akaniuliza, "Ulikuwa unapiga nini, miti?"

Kusema kweli, moja lilipiga mti. Sasa basi, ngoja niwaeleze nilichokuja kukielewa baadaye.

Kombora la HOT likitoka kwenye bomba lake linaacha waya mwembamba nyuma, kama unavyoachia uzi wa kishada. Wewe huliendeshi. Kazi yako ni kushikilia alama ya msalaba ya darubini juu ya kifaru. Kifaa cha darubini kinaona moto wa mkia wa kombora, kompyuta inapima limepotoka kiasi gani kutoka kwenye mstari wa macho yako, halafu inatuma marekebisho kupitia waya. Makombora ya zamani kama SS.11 yalikuwa taabu zaidi: mpigaji aliliongoza kwa mkono na kijiti kidogo, huku anaangalia kombora na shabaha kwa pamoja.

Rahisi, sivyo? Tatizo ni muda. HOT inakwenda kama mita 240 kwa sekunde. Kifaru kikiwa kilomita 4, hesabu inakupa karibu sekunde 17. Muda wote huo hujifichi, hugeuki, na hupigi kombora la pili. Umefungwa kamba na kombora lako mwenyewe!

Haya, makosa yangu manne:

La kwanza nilipiga kifaru kikiwa kilomita 4.7. Waya una mwisho jamani. Lilikwenda vizuri, halafu likaanguka porini.

La pili nilipiga huku helikopta inateleza taratibu kushoto bila mimi kujua. Mti ukaingia kati yangu na shabaha. Ndio ule mti.

La tatu niliona risasi zinakuja, mkono ukashtuka, msalaba ukaruka chini. Kombora likafuata msalaba, likajichimbia ardhini.

La nne ndilo linaloniuma. Lilikuwa limebakiza sekunde chache tu, nikaona moshi wa kombora la Strela linanijia. Nikashuka nyuma ya kilima. Mimi nikapona, kombora langu likapotea, na wenzangu wakaungua.

Kumbe kosa la nne nililifanya kabla hata sijabonyeza. Nilisimama mahali ambapo nisingeweza kukaa sekunde 17. Siku hizi najiuliza kwanza: nani ananiona hapa? Shilka, lile gari la mizinga minne, linafika vizuri kama kilomita 2.5, kwa hiyo ukikaa kilomita 3.5 hadi 4 halikupati. Strela-10 inafika mpaka kilomita 5, kwa hiyo hiyo piga kwanza, au jifiche nayo kwa kilima. Darubini ya Gazelle iko juu ya paa kwa sababu hiyo: mwili unabaki nyuma ya kilima, jicho tu linachungulia.

Halafu tulia. Hakikisha helikopta haitelezi, pima umbali kwa leza, weka msalaba juu kidogo ya kifaru, ndipo upige. Teremsha pole pole mwishoni. Usivute mkono kwa ghafla hata kidogo.

Wengine watasema ni mchezo tu. Lakini mwaka 1972 huko Vietnam, Marekani walileta helikopta mbili za UH-1B zenye makombora ya waya ya TOW, na mwezi Mei zikaanza kupiga vifaru vya kweli. Hata majirani zetu Kenya walinunua Hughes 500MD, baadhi zikiwa na TOW hizo hizo. Waliokaa humo hawakuwa na kitufe cha kuanza upya.

Jumapili nilirudia kazi ile ile. Nilizunguka dakika nzima nikitafuta kilima, binamu ananicheka kwamba naogopa. Strela moja, vifaru viwili, makombora matatu. La nne nikarudi nalo nyumbani, na msafara ukavuka.

Karibuni kwenye maoni. Kuna mtu anaweza kuisimamisha Gazelle hewani kwa kibodi tu, bila joistiki? Atuambie anafanyaje, maana mimi nimeshindwa.