"Omera, hiyo umetoa wapi?"

Mwanzoni mwa Oktoba 2025, uvumi ulitapakaa mitandaoni kwamba Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani wa Kenya, yu mahututi. Kisumu, mji ambao wakazi wengi humwita Baba bila haja ya kutaja jina, habari hiyo haikupita kama udaku wa kawaida. Chama chake, ODM, kikakanusha. Kaka yake, Seneta wa Siaya Oburu Oginga, akasema ndugu yake aliugua kidogo tu kama binadamu yeyote na alikuwa akipata nafuu. Asubuhi ya Oktoba 15, Raila akaanguka akifanya matembezi Kerala, India. Akafariki akiwa na umri wa miaka 80.

Siku hiyo kuna waliovunja matawi ya miti na kumiminika barabarani kuomboleza, na kuna waliokataa katakata kuamini. Si juzi tu walikuwa wameambiwa yuko salama?

Huenda waliokanusha walisema walichokijua. Moyo unaweza kusimama ghafla. Lakini athari ya kanusho hilo kwa fikra za watu ilikuwa mbaya. Aliyekemewa wiki iliyotangulia kwa kusambaza uvumi alijikuta ameibuka nabii, ingawa hakujua chochote. Alibahatisha. Na mtu aliyebahatisha akapatia mara moja, kesho atasikizwa hata akisema mvua itanyesha samaki.

Kaloleni ni mtaa mkongwe wa Kisumu unaopakana na Shauri Moyo, hata wadi yao ni moja. Kwenye steji za bodaboda za mitaa kama hii, simu moja yenye kioo kilichopasuka huzungushwa mkono kwa mkono. Sauti ya mwanamume asiyejulikana inasikika, ikizungumza kwa uhakika wa daktari. Juu ya ujumbe kuna mshale maradufu, alama ya WhatsApp kwamba umeshapita simu nyingi. "Omera, hiyo umetoa wapi?" mmoja anamuuliza mwenzake, akimwita ndugu kwa Dholuo. "Imetumwa kwa grupu." Basi. Zamani aliyeleta habari kijiweni alikuwa na jina, baba na nyumba. Akidanganya, kesho yake angekuwa palepale achekwe. Grupu haina baba.

WhatsApp yenyewe iliona tatizo hilo. Mwaka 2019 iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au magrupu matano kwa mpigo, na Aprili 2020 ujumbe uliozagaa mno ukabanwa hadi mmoja kwa mara. Hatua hizo zinapunguza kasi, lakini hazigusi chanzo, na anayetaka hunakili tu na kubandika upya.

Kuna pia sauti za kununuliwa. Mwaka 2021, watafiti wawili Wakenya, Odanga Madung na Brian Obilo, walichapisha kupitia wakfu wa Mozilla ripoti kuhusu biashara ya upotoshaji kwenye Twitter. Kisa kimojawapo kiliwahusu majaji waliozima BBI, mchakato wa kurekebisha katiba, Mei mwaka huo: ghafla hashtegi za kuwachafua zikapanda chati. Vijana walipewa maneno na maelekezo kwenye magrupu ya WhatsApp, wakalipwa kama dola 10 hadi 15 kwa kampeni, pesa zikiingia moja kwa moja kwenye M-Pesa. Aliyeamka na kuona hashtegi hiyo alidhani nchi nzima imekasirika, kumbe ni watu walio kazini.

Hata hivyo, kuilaumu simu peke yake ni uvivu. Juni 2024 simu hizohizo zilifanya kazi ambayo wabunge wengi hawakuifanya. Mswada wa Fedha, uliojaa Kiingereza kizito cha sheria, ulichambuliwa na vijana kifungu kwa kifungu kwenye TikTok na X, kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani kama Dholuo. VAT ya asilimia 16 kwa mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari: swali la "umetoa wapi" lilikuwa na jibu, kwa kuwa mswada wenyewe ulipatikana na kila mtu angeweza kuusoma. Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuvamia Bunge na watu kuuawa, Rais William Ruto alikataa kuutia saini.

Kusema mtandaoni, hata hivyo, kuna gharama yake. Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, katika Kaunti ya Homa Bay, mwalimu Albert Ojwang' alikamatwa nyumbani Juni 7, 2025 kuhusiana na machapisho kwenye X yaliyomtaja naibu inspekta jenerali wa polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi na kufariki akiwa mikononi mwa polisi. Polisi walidai alijigonga kichwa ukutani. Wanapatholojia wakakuta majeraha ambayo hayakuafikiana na maelezo hayo. Baada ya kisa kama hicho, mwenye hoja anajiuliza kama si heri ajifiche nyuma ya grupu.

Sheria nayo ina pande mbili. Siku ileile Raila alipofariki, Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018. Wiki moja baadaye, Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu hadi kesi isikizwe. Upande wa pili ipo Sheria ya Kupata Habari ya 2016, isiyotajwa sana kijiweni. Inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la mwananchi, au saa 48 iwapo ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Lakini ujumbe wa sauti hutoka Kondele, Kisumu, ukafika Usenge, Siaya, kabla ya chai ya saa nne.