MGAHAWA WA CHAMA: JINSI YA KUCHAGUA MTAMBO WA MAUZO

Chama cha Ushirika kinapofungua mgahawa, huwa kimeingia katika biashara ambayo hesabu zake hazifanani na hesabu za ghala. Gunia la kahawa lililopokelewa ghalani ndilo litakalotoka, nalo laweza kupimwa wakati wowote mkaguzi atakapofika. Lakini nyama iliyoingia jikoni haitoki ikiwa nyama. Hutoka ikiwa mchuzi, sambusa na mishikaki. Unga hugeuka chapati, na sukari hupotelea katika chai. Ifikapo jioni ushahidi wote umekwisha kuliwa, na kilichobaki ni fedha zilizomo sandukuni pamoja na maneno ya aliyezipokea.

Kwa sababu hiyo, si ajabu Makatibu wakiuliza ni mtambo gani wa mauzo ulio bora kwa mgahawa wa Chama. Makala haya hayatataja jina la mtambo wowote. Yanakusudia kueleza mambo ambayo Katibu na Bodi hawana budi kuyatazama kabla ya kutia sahihi, ili fedha za wanachama zisinunue kioo kizuri cha kupamba meza ya mpokea fedha.

Mtambo wa mauzo na shabaha yake

Mtambo wa mauzo ni mashine pamoja na programu yake. Huandika agizo la mteja, hulipeleka jikoni, hutoa hesabu, huandika malipo, hupunguza vitu katika hesabu ya stoo, na jioni hutoa taarifa ya siku. Waweza kuwa kompyuta yenye kioo cha kugusa, kishikwambi, au mashine ndogo ya vitufe.

Asili yake ni katika biashara ya namna hii hii. Mwaka 1879, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, mwenye baa mmoja aliyeitwa James Ritty, pamoja na nduguye John, walipata hataza ya mashine ya kuandika mauzo, kwa kuwa watumishi walikuwa wakitia mapato mifukoni mwao. Wazo hilo alilipata melini, alipoona chombo kilichohesabu mizunguko ya rafadha. Mwaka 1974 William Brobeck alitengeneza mashine ya kielektroniki kwa ajili ya migahawa ya McDonald's, na mwaka 1986 Gene Mosher alionyesha programu ya mgahawa inayoendeshwa kwa kugusa kioo. Vyombo vimebadilika sana, lakini shabaha imebaki ile ile: kila kinachotoka jikoni kiache alama ambayo anayepokea fedha hawezi kuifuta peke yake. Mtambo wowote utakaoletwa mbele ya Bodi upimwe kwa kipimo hicho kwanza.

Kwanza utaratibu wa kazi

Mtambo hufuata utaratibu ulioukuta. Ikiwa mhudumu huita maagizo kwa sauti na mpishi hupakua kwa kusikia, mtambo utaandika yale tu ambayo mhudumu atapenda kuyaandika. Kwa hiyo, kabla ya kununua, Chama kiweke kanuni moja isiyovunjwa na mtu yeyote, hata Mwenyekiti: chakula hakitoki jikoni pasipo hati ya agizo.

Kanuni hiyo ijaribiwe kwa mwezi mmoja kwa vitabu vya kawaida vyenye nambari mfululizo na nakala tatu: moja ya jikoni, moja ya mpokea fedha, na moja ibaki kitabuni. Kila asubuhi Katibu alinganishe nakala za jikoni na za mpokea fedha. Mgahawa wenye meza chache huenda ukaona kwamba vitabu hivyo, pamoja na mashine ya risiti za kodi, vyatosha kabisa. Mgahawa wenye wahudumu wengi na zamu mbili utaona kwamba kulinganisha kwa mkono kunamaliza asubuhi nzima, na hapo ndipo mtambo unapostahili gharama yake.

Mambo ya kudai kwa muuzaji

1. Kila mtumishi awe na nywila yake. Mhudumu aweze kuandika agizo, mpokea fedha aweze kupokea malipo, lakini ruhusa ya kubadili bei au kufuta mauzo iwe kwa mtu mwingine asiyeshika fedha. Nywila moja ikitumiwa na watu wote, upungufu hauna mwenyewe.

2. Mauzo yaliyofutwa yabaki yanaonekana. Njia nyepesi ya kuiba mgahawani ni kupokea fedha taslimu, kisha kufuta agizo kana kwamba mteja aliondoka. Mtambo mzuri huonyesha kilichofutwa, saa, jina la aliyefuta na sababu aliyoitoa. Mwombe muuzaji afute agizo mbele yako, kisha akuonyeshe lilikoandikwa. Akishindwa, tafuta mwingine.

3. Mtambo upokee vipimo vya vyakula. Hili ndilo jambo linalosahauliwa mara nyingi, ingawa ndilo lenye faida kubwa kwa mkaguzi. Tuchukulie kwamba asubuhi jikoni limepokea kilo 12 za nyama mbichi, na imekwisha kuamuliwa kwamba sahani moja itumie gramu 150. Nyama hiyo yapasa kutoa sahani 80. Jioni mtambo waonyesha kwamba sahani 62 zimeuzwa, na kilo moja na nusu imebaki, yaani sahani 10. Jumla ni sahani 72. Sahani 8 hazijulikani zilikokwenda. Kwa bei ya shilingi 4,000, upungufu ni shilingi 32,000 kwa siku moja, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 832,000.

Haifai kumshtaki mtu papo hapo. Yawezekana mpishi hupakua zaidi ya kipimo, au watumishi walikula bila kuandikiwa, au nyama iliharibika, au kweli imeibwa. Mtambo hautasema ni sababu ipi. Utaonyesha siku na kiasi, na Katibu ndiye wa kuuliza. Kwa hiyo chakula cha watumishi na kilichoharibika navyo viwe na mahali pake pa kuandikwa.

4. Malipo ya simu yatengwe na fedha taslimu. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, wateja wengi wamezoea kulipa kwa simu. Taarifa ya siku ionyeshe mbalimbali fedha taslimu, malipo ya simu na malipo ya benki, ili kila fungu lilinganishwe na mahali lilipo. Lipa Namba isajiliwe kwa jina la Chama, kamwe isiwe kwa jina la meneja au mpokea fedha. Meneja akiondoka na namba, ameondoka na mapato.

5. Stakabadhi ya kodi itoke katika mauzo yale yale. Mashine za EFD zilianza kutumika Tanzania Bara mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, na baadaye zikaenea kwa wengine. Muuzaji aulizwe kama mtambo wake unaungana na mfumo wa risiti unaokubaliwa na TRA, au na ZRA kwa vyama vya Zanzibar. Visipoungana, mtumishi ataandika kila mauzo mara mbili, na taarifa ya mtambo haitapatana na ripoti ya Z ya mashine ya kodi. Viwango vya kodi navyo hubadilika kwa Sheria ya Fedha. Kwa hiyo mtambo uwe na njia ya kubadili kiwango pasipo kununua programu mpya.

6. Mtambo ufanye kazi umeme au mtandao unapokatika. Uliza ni muda gani betri huweza kuhimili, na kama maagizo yaliyoandikwa wakati mtandao haupo hujipeleka yenyewe unaporudi. Hata hivyo, kitabu cha hati kiwekwe karibu daima.

7. Karatasi na printa zichaguliwe kwa akili. Printa za joto hazina wino. Karatasi yake huwa nyeusi inapopashwa moto. Ikiwekwa karibu na jiko hati huweza kusawijika yote, na ikikaa juani maandishi hufifia. Kwa jikoni, printa ya utepe wa wino hufaa zaidi. Stakabadhi za manunuzi zilizochapwa kwa karatasi ya joto zitolewe nakala mapema, maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, na karatasi hizo huenda zisidumu muda huo.

Gharama ya kweli

Bei iliyoandikwa katika hati ya makisio ya muuzaji ni sehemu tu ya gharama. Tuchukulie kwamba muuzaji wa kwanza anataka shilingi 2,400,000 mara moja, na shilingi 300,000 kila mwaka kwa matengenezo. Wa pili hataki kitu mwanzoni, bali shilingi 60,000 kila mwezi, matengenezo yakiwamo. Kwa miaka 5 wa kwanza atakuwa amepokea shilingi 3,900,000 na wa pili shilingi 3,600,000. Aliyeonekana ghali kwa kudai kila mwezi ndiye nafuu. Lakini mgahawa ukiendelea kwa miaka 10, wa kwanza atakuwa amepokea 5,400,000 na wa pili 7,200,000, ikiwa mashine ya kwanza itadumu muda huo. Basi Katibu apige hesabu kwa muda ambao Bodi inatazamia kuutumia mtambo, akiongeza mafunzo, karatasi, vifurushi vya mtandao na makato ya malipo ya simu. Gharama hiyo yote iingizwe katika makisio yatakayopelekwa kwenye Mkutano Mkuu.

Kumbukumbu ni za nani?

Mitambo mingi ya siku hizi huweka kumbukumbu katika kompyuta za muuzaji, mbali na mgahawa. Jambo hili lina faida, maana mashine ikiibwa hesabu hazipotei. Lakini lina hatari yake: ada ikichelewa, au kampuni ikifunga shughuli, Chama chaweza kujikuta hakina mauzo ya miaka 3 ya kumwonyesha mkaguzi wa COASCO.

Kwa hiyo mkataba useme waziwazi kwamba kumbukumbu ni mali ya Chama. Kwamba Katibu aweza kuzichukua kila mwezi katika majedwali yanayosomeka kwa kompyuta ya kawaida. Na kwamba Chama kitapewa muda wa kuzichukua zote mkataba ukivunjika. Taarifa ya mwezi ichapwe, itiwe sahihi na kuwekwa jaladani. Nywila kuu iandikwe, ifungwe katika bahasha na kutunzwa ndani ya kasha la Chama. Kama mtambo hutunza majina na namba za simu za wateja, Katibu akumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Majaribio

Kabla ya malipo ya mwisho, ombeni majaribio ya siku 14, vitabu vya hati vikiendelea kutumika sambamba. Siku ya soko, wateja wanapojaa, ndiyo siku ya kuupima mtambo. Mhudumu aliyesoma hadi darasa la saba aweze kuutumia baada ya mafunzo ya siku moja au mbili, na maandishi yake yawe ya Kiswahili. Kila jioni linganisheni tarakimu nne: mauzo ya mtambo, nakala za hati, fedha zilizopatikana na vitu vilivyobaki stoo. Zikipatana, au tofauti yake ikielezeka, Bodi yaweza kutia sahihi bila hofu.

Mwanachama aliyetoa hisa zake ili mgahawa ujengwe hawezi kukaa jikoni kila siku akihesabu sahani. Haki yake ni kuletewa katika Mkutano Mkuu hesabu inayoeleza kilichoingia jikoni, kilichouzwa na kilichopotea. Mtambo utakaomwezesha Katibu kuisoma hesabu hiyo mbele ya wanachama, na kujibu maswali yao, ndio unaofaa kununuliwa.