Makohozi ya asubuhi tatu

Mtaani, mtu akikwama kwenye vipimo vya afya vya kuombea viza, watu husema "kafeli medikali", kama mtoto aliyefeli mtihani wa darasa la saba. Neno hilo limewatia wengi taabuni. Anayedhani anakwenda kufanya mtihani hujiandaa kama mtahiniwa. Atakunywa dawa ya kikohozi ili asikohoe mbele ya daktari, ataficha kwamba aliwahi kutibiwa TB miaka ya nyuma, ataulizia mtu wa "kumsaidia" kwa picha ya kifua ya mtu mwingine. Kisha anashangaa akiambiwa arudi kesho asubuhi, na keshokutwa, na mtondo, kutoa makohozi, ilhali hana hata mafua.

Mimi si daktari wa ubalozi. Ni daktari wa kifua, na hao huja kwangu wakiwa na karatasi mkononi na swali moja: "Daktari, mimi ni mzima wa afya, hawa wanatafuta nini?" Swali ni zuri, maana jibu lake hubadilika kulingana na nchi unayoiendea. Anayekupima kwa ajili ya viza hakupimi ili akutibu. Anajibu swali la serikali iliyomteua, na kila serikali ina hofu yake.

Uingereza inaogopa TB tu. Anayetoka Tanzania au Kenya kwenda kukaa huko zaidi ya miezi 6 hupigwa picha ya kifua, akipita anapewa cheti cha miezi 6, basi. Hakuna anayemuuliza sukari yake. Kanada inaogopa pia gharama: ina kanuni inayokadiria kama ugonjwa wa mwombaji utailemea huduma yao ya afya ya umma, ingawa mwaka 2018 walipandisha kiwango hicho mara tatu, na mke, mume au mtoto mdogo wa raia hahesabiwi humo. Nchi za Ghuba zinatafuta mfanyakazi. Dada anayekwenda kufanya kazi za ndani Muscat au Riyadh hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, TB, na hupimwa ujauzito pia. Huko majibu ni mawili tu, unafaa au hufai, na kovu la TB iliyopona zamani kwenye picha linaweza kumfungia mtu mlango hata kama leo anabeba gunia la mchele ghorofa ya tatu bila kuhema. Kwa maoni yangu hilo si la kitabibu, kovu haliambukizi. Lakini mwenye nyumba ndiye anayeshika ufunguo.

Marekani ndiyo yenye utaratibu mrefu zaidi, na ndiyo inayoletwa kwangu kila mara, kwa hiyo nikae nayo.

Historia yao ya kupima wageni ni ndefu. Sheria ya mwaka 1891 iliwazuia wenye magonjwa ya kuambukiza, na kuanzia 1892 abiria wa madaraja ya chini kwenye meli walishushwa kisiwa cha Ellis, pale New York, wakapandishwa ngazi huku madaktari wamesimama wanawatazama nani anahema, nani anachechemea. Aliyetiliwa shaka aliandikwa herufi ya chaki kwenye koti: H kwa moyo, L kwa kilema cha miguu, E kwa macho. Kope ziligeuzwa kwa kikulabu cha kufungia vifungo vya viatu ili kutafuta trakoma. Wengine waliligeuza koti ndani nje na kupita. Tabia ya kuifanyia medikali ujanja haikuanzia Kariakoo.

Siku hizi chaki imehamia kabla ya safari. Ubalozi unateua madaktari wachache katika kila nchi, nao hufuata mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Cheti cha hospitali nyingine, hata ya rufaa, hata chenye saini ya profesa, hakipokelewi. Wanachotafuta ni orodha fupi kuliko watu wanavyodhani: TB inayoambukiza, kaswende, kisonono, ukoma, uraibu wa dawa za kulevya, na ugonjwa wa akili unaoambatana na vitendo vya kudhuru. VVU haimo. Iliwekwa mwaka 1987 na ikaondolewa kuanzia tarehe 4 Januari 2010, lakini bado napokea watu wanaoacha kumeza ARV wiki mbili kabla ya medikali ili "isionekane". Huko ni kujiumiza bure. Presha na kisukari navyo havimo katika magonjwa ya kuzuia. Huandikwa, na ni afisa wa viza, si daktari, anayepima kama mwombaji ataweza kujigharamia akifika.

Kaswende ikipatikana hutibiwa na safari inaendelea. Kinachokula miezi ya watu ni kifua.

Kila aliyetimiza miaka 15 hupigwa eksirei ya kifua. Kabla ya kusema lolote juu ya mapafu, niseme juu ya nywele. Msuko uliolala mabegani hutupa kivuli kwenye ncha za juu za mapafu, na hapo ndipo TB ya watu wazima hupenda kukaa. Nimewahi kuletewa picha yenye "doa" lililotoweka mwenyewe alipofunga rasta zake kileleni na kupigwa upya. Mkufu, sidiria yenye chuma, na hirizi iliyoshonwa ndani ya fulana nazo huonekana. Vua vyote, hirizi utaivaa tena ukitoka.

Sasa picha imeonyesha kivuli cha kweli. Je, ni TB? Si lazima. Huenda ni kovu la TB ya utotoni ambayo hata mama yako hakuijua. Huenda ni nimonia ya zamani. Kwa kijana aliyechimba tanzanite Mirerani huenda ni vumbi la mawe, ambalo hutia mapafu makovu yanayofanana mno na TB. Picha haiwezi kutofautisha kovu lililolala na kidonda kilicho hai. Ndiyo maana unaambiwa: makohozi, asubuhi tatu.

Asubuhi, kwa sababu makohozi ya usiku kucha hukusanyika. Tatu, kwa sababu mapafu hayatoi vimelea kila siku kwa kipimo kilekile. Na mbele ya mhudumu, kwa sababu makohozi ya jirani yamewahi kuuzwa. Sampuli hutazamwa kwa hadubini, kisha huoteshwa maabara, na hapo kwenye kuotesha ndipo mtu husubiri hadi wiki 8. Hasira huanzia hapo. "Daktari, kliniki ya mtaani wana mashine ya GeneXpert, majibu saa mbili, hawa wanangoja nini?"

Wanangoja mdudu mvivu. Bakteria wa kawaida wa tumboni hugawanyika kila dakika 20 chakula kikiwapo. Wa TB huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Ukipanda maharage unaona jani wiki hiyohiyo. Ukipanda mnazi unangoja. Lakini kungoja huko kuna faida yake. Hadubini inahitaji makohozi yawe na vimelea kama 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ndipo ionyeshe kitu. Kuotesha kunaweza kukamata hata 10 hadi 100. GeneXpert iko katikati, ya haraka na nzuri, ila mwenye vimelea vichache inaweza kumkosa. Isitoshe, kuotesha kunampa daktari vimelea hai vya kujaribishia dawa, ajue zipi zinaviua na zipi vimezizoea.

Zamani Marekani yenyewe iliridhika na hadubini. Kisha mwaka 2004 na 2005 wakimbizi Wahmong kutoka kambi ya Wat Tham Krabok nchini Thailand walipohamishiwa Marekani, baadhi yao waligundulika kuwa na TB sugu kwa dawa, wengine wakiwa wameshafika. Mwongozo ukabadilishwa 2007: kuotesha kukawa lazima, na matibabu yakawa ya kumeza dawa mbele ya mhudumu. Kwa hiyo mama wa Tabata anayesubiri wiki nane kwenda kwa binti yake Ohio anasubiri kwa sababu ya kambi ya Thailand asiyowahi kuisikia. Naona ni haki aambiwe hivyo. Kwa kawaida haambiwi. Anaambiwa tu "tutakupigia".

Makohozi yakitoka safi, mwenye kivuli huandikwa daraja B1, na anaruhusiwa kusafiri. Herufi B ni taarifa kwa wenzao wa ng'ambo wamfuatilie, wala si kasoro. Anayezuiwa ni wa daraja A, mwenye TB hai, naye huzuiwa hadi amalize dawa. Kwa TB ya kawaida ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4, halafu makohozi tena. Tahadhari moja hapa: dawa ziwe chini ya uangalizi unaotambuliwa na daktari wa ubalozi. Kuna waliokimbilia duka la dawa au kliniki ya rafiki, wakatibiwa wakapona kabisa, na matibabu yale yasihesabiwe.

Na kama uliwahi kuugua TB, sema, tena nenda na kadi yako ya matibabu kutoka kliniki ya TB. Kovu litakutaja hata ukinyamaza. Kovu lenye kadi ni historia. Kovu lisilo na maelezo ni shaka.

Watoto wana njia yao. Wa miaka 2 hadi 14 huanza na damu. Wazazi wengi hukumbuka kile kipimo cha kuchoma ngozi ya mkono na kungoja uvimbe, na uvimbe huo uliwaponza watoto wetu wengi kwa kosa lisilo lao: karibu kila mtoto hapa huchomwa chanjo ya BCG akizaliwa, na ngozi iliyokwisha kuijua BCG yaweza kuvimba pasipo TB yoyote. Kipimo cha damu cha sasa huzikutanisha chembe nyeupe za mtoto na protini ambazo mdudu wa TB anazo na BCG haina. Kikisoma chanya, maana yake mtoto amewahi kukutana na mdudu mwenyewe, jambo la kawaida sana. Shirika la Afya Duniani hukadiria robo ya watu wote duniani wamekutana naye, na 5 hadi 10 katika kila mia yao ndio watakaougua maishani. Mtoto huyo hupigwa picha. Ikiwa safi na hana dalili, anasafiri, na akifika anashauriwa dawa za kinga.

Mjamzito anaweza kupigwa picha akiwa amekingwa tumbo kwa aproni ya madini ya risasi, au kuahirisha hadi ajifungue. Uingereza humpa chaguo la tatu, makohozi bila picha. Aamue yeye, baada ya kuelezwa.

Chanjo ni habari ya kadi kuliko ya sindano. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inamtaka mhamiaji aonyeshe amechanjwa, lakini mtu mzima wa miaka 40 ana kadi ya kliniki kutoka wapi? Mama yake aliipoteza walipohama Tukuyu. Bila kadi utachomwa upya zile zinazofaa kwa umri wako, na hazina madhara kwa aliyekwisha kuchanjwa. Huhitaji kumaliza dozi zote. Ile inayostahili siku hiyo inatosha. Chanjo ya UVIKO-19 iliongezwa Oktoba 2021 na sharti lake likaondolewa 2025. Kadi za watoto wenu zipigeni picha kwa simu leo.

Mwisho ni kalenda, na hapa nimeona machozi zaidi kuliko kwenye eksirei. Kwa kawaida medikali hudumu miezi 6, lakini ya B1 hudumu miezi 3 tu, na viza haiwezi kudumu kuliko medikali. Anayepima mapema mno hurudia na kulipa upya. Anayechelewa, kisha akaitwa kwenye makohozi, hupitwa na siku ya usaili. Walioshinda bahati nasibu ya viza ndio walioumia zaidi, maana mwaka wao hufungwa tarehe 30 Septemba bila huruma: aliyepigwa picha Agosti na kuambiwa aoteshe makohozi alikuwa ameshaikosa viza, hata kama makohozi yangetoka safi. Mwenye historia ya TB, au aliyewahi kuuguza mgonjwa wa TB nyumbani, namshauri aje apigwe picha ya kawaida mapema kwa daktari wake. Haitapokelewa ubalozini, lakini atajua ajipangie wiki ngapi.

Majibu siku hizi hutumwa mara nyingi kwa mtandao. Ukipewa bahasha iliyofungwa, usiifungue, hata kwa udadisi. Ikifunguliwa ni karatasi tupu. CD ya picha ya kifua ibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Na aliyeandikwa B1 akishafika, aweza kupigiwa simu na idara ya afya ya mji wake mpya. Mama mmoja alizima simu miezi miwili akidhani ni watu wa kumrudisha. Kumbe alikuwa nesi akitaka picha nyingine ailinganishe na ile ya Dar es Salaam.