Ranbaxy: Rekodi za maabara zilivyoiangusha himaya ya familia

Mei 2013, kampuni ya dawa ya Ranbaxy ilikiri makosa saba ya jinai katika mahakama ya shirikisho ya Marekani na kukubali kulipa dola milioni 500. Hadi wakati huo hakuna mtengenezaji wa dawa jeneriki aliyewahi kulipa kiasi hicho nchini humo kwa kesi ya usalama wa dawa. Familia ya Singh, iliyoijenga kampuni hiyo kwa zaidi ya nusu karne, ilikuwa imeshauza hisa zake. Kisa hiki kinatuhusu, kwani sehemu kubwa ya vidonge katika maduka ya dawa ya Tanzania, Kenya na Uganda hutoka India, na viwanda vyetu vingi vya dawa vilianzishwa na familia.

Ranbaxy ilianzishwa Amritsar mwaka 1937 na wasambazaji wawili wa dawa za kampuni ya Japani, na jina lake ni muungano wa majina yao. Mwaka 1952 iliingia mikononi mwa Bhai Mohan Singh, mkopeshaji aliyekuwa akiidai. Mwaka 1969 ilijipatia soko kwa Calmpose, dawa ya kutuliza wasiwasi iliyofanana na Valium.

Kilichoinyanyua zaidi ni sheria ya hataza ya India ya mwaka 1970. Kwa upande wa dawa, sheria hiyo ililinda njia ya kutengeneza, si dawa yenyewe. Mkemia aliyegundua njia nyingine ya kupata dawa ileile aliruhusiwa kuitengeneza na kuiuza, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 2005. Parvinder, mtoto wa Bhai Mohan mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Michigan, aliitumia nafasi hiyo vizuri akaipeleka kampuni katika masoko ya dunia.

Nyumbani mambo hayakuwa shwari. Mwaka 1989 mali iligawanywa kwa watoto watatu, Ranbaxy ikawa fungu la Parvinder. Miaka minne baadaye baba mwenyewe aliondoka kwenye kiti cha uenyekiti kutokana na mvutano na mwanawe. Parvinder alifariki mwaka 1999, uongozi ukashikwa na mameneja wa kuajiriwa, na mwaka 2006 mwanawe Malvinder akawa mtendaji mkuu.

Kufikia hapo dosari ilikuwa imeshaota mizizi. Mtengenezaji wa dawa jeneriki hutakiwa kuthibitisha mambo mawili: kwamba dawa yake huingia kwenye damu kwa kiwango na kasi sawa na dawa ya awali inayoigwa, na kwamba haiharibiki kabla ya muda wake kwisha. Uthibitisho wa pili huhitaji subira. Sampuli huwekwa kwenye joto na unyevu uliopangwa, kisha hupimwa baada ya miezi mitatu, sita, tisa na kuendelea. Ranbaxy ilikiri kwamba baadhi ya vipimo vilivyotakiwa kupishana kwa miezi vilifanywa siku moja au ndani ya siku chache, huku tarehe nyingine zikiandikwa kwenye ripoti. Sampuli nyingine zilikaa muda mrefu kwenye jokofu, mahali ambapo dawa haichoki kama inavyochoka kwenye rafu ya zahanati.

Mhandisi Dinesh Thakur, aliyeajiriwa mwaka 2003, alipewa kazi ya kuchunguza takwimu hizo na kubaini udanganyifu katika dawa nyingi. Aliacha kazi mwaka 2005, kisha akazitaarifu mamlaka za Marekani. Mwaka mmoja kabla, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeondoa dawa kadhaa za VVU za Ranbaxy kwenye orodha yake baada ya kukuta kasoro katika majaribio ya maabara ya nje. Wagonjwa wa Afrika walikuwa wakizitegemea dawa za aina hiyo.

Juni 2008 familia ilikubali kuuza hisa zake, karibu asilimia 35, kwa Daiichi Sankyo ya Japani kwa takriban dola bilioni 2.4. Septemba mwaka huohuo Marekani ilizuia zaidi ya dawa 30 kutoka viwanda vya Paonta Sahib na Dewas. Wajapani walilalamika kwamba walifichwa ukweli. Malvinder alikana, lakini mwaka 2016 jopo la usuluhishi la Singapore liliipa Daiichi ushindi, na deni pamoja na riba likafika rupia bilioni 35 hivi. Ranbaxy ilichukuliwa na Sun Pharma mwaka 2015. Malvinder na mdogo wake Shivinder walikamatwa mwaka 2019 kwa tuhuma za ubadhirifu katika biashara yao ya fedha, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya India iliwahukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau amri zake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika dawa, kinachopotea si mali peke yake. Mamlaka ya dawa ya Tanzania ilifikia ngazi ya tatu ya umahiri ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, ya kwanza barani Afrika, lakini mkaguzi hawezi kukaa kiwandani kila siku. Wenye viwanda wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaotaka kurithisha watoto wao kampuni inayoaminika wampe mkuu wa maabara mamlaka ya kuzuia mzigo hata mwenye mali akiutaka utoke, na wamlinde mfanyakazi anayefichua uongo. Familia ya Singh haikushindwa na washindani. Iliangushwa na tarehe za uongo kwenye rekodi za maabara.