Fahamu: Kwa nini daktari na ofisa ustawi wa jamii wajifunze pamoja

Mzee amepona nimonia, lakini bado yuko wodini. Daktari amemruhusu, ila nyumbani hakuna wa kumwogesha wala kumkumbusha dawa. England inalijua vizuri tatizo hili: matibabu ya hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, ni bure, ilhali huduma za ustawi husimamiwa na halmashauri, na wengi huzilipia wenyewe. Julai 2022, England ilianzisha kisheria mifumo 42 ya kuunganisha pande hizo mbili. Ila sheria haimfundishi daktari kazi ya ofisa ustawi. Hilo hujifunzwa wawili hao wakikaa meza moja na kueleza walichokiona kwa mgonjwa yuleyule: daktari presha, ofisa ustawi ngazi ambazo mgonjwa hawezi kuzipanda. Muda huo uhesabiwe kuwa kazi, usikatwe kwenye mapumziko yao ya mchana.